Draivu inavuma, asilimia haisogei: kutatua usomaji wa polepole unaponakili CD kwa usahihi

Nyimbo sita za kwanza ziliisha ndani ya dakika kumi na mbili. Wa saba ulianza saa tatu usiku, na ilipofika saa tano kasorobo mstari ulikuwa bado umesimama kwenye asilimia 61. Kwenye skrini, taa nyekundu za Exact Audio Copy (EAC), programu ya kunakili CD kwa usahihi, zinajipanga moja baada ya nyingine kuonyesha inarudia kusoma, draivu inavuma, inatulia, inavuma tena. Mama, mwenye CD yake ya taarab, akapita sebuleni akauliza, "Mwanangu, hiyo sahani unainakili au unaipika?"

Swali la haki. Anayenakili kwa programu ya kawaida ya kuchezea muziki hakutani na haya. Programu ile husoma mara moja, ikikosa huziba mashimo kimyakimya, na wewe unakuja kugundua baada ya miezi kwamba katikati ya wimbo kuna "tik". Tunaosubiri ni sisi tunaotaka kila sampuli, yaani kila kipimo kidogo cha sauti, itoke kama ilivyochapwa. Ila kusubiri kuko kwa aina mbili, kunakozaa na kwa bure, na kwenye skrini zote mbili zinafanana kama pacha. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: anayeongeza idadi ya marudio kwa kawaida anapoteza usiku wake tu. Cha kubadilisha ni diski, au draivu, au namna draivu inavyosoma.

Kwanza, kwa nini inarudia

CD ya muziki haikubuniwa iwe ghala la data. Kiwango cha Philips na Sony cha mwaka 1980 kinagawa kila sekunde ya sauti katika sekta 75, kila sekta baiti 2352, na baiti zote hizo ni muziki. CD ya data iliyokuja baadaye huweka mafaili kwenye baiti 2048 tu kati ya hizo, nyingi ya zilizobaki zikibeba hesabu za kukagua na kusahihisha. Muziki haukupewa akiba hiyo. Umepewa ulinzi wa tabaka mbili, C1 na C2, unaofanyika ndani ya draivu yenyewe. C1 hushika makosa madogo, C2 hushika yaliyomponyoka C1, na C2 naye akishindwa draivu inakisia: inatazama sampuli ya kabla na ya baada, inatunga ya katikati. Kwenye redio ya gari husikii kitu. Tatizo ni kwamba programu yako nayo haiambiwi, isipokuwa draivu iwe inajua kutoa taarifa za C2, na taarifa zenyewe ziwe za kweli.

Ndiyo maana EAC, katika hali inayoiita Secure, husoma kila sekta angalau mara mbili na kulinganisha. Majibu yakitofautiana inaanza kurudia kwa mafungu ya mara 16, na inaridhika pale majibu 8 kati ya hayo 16 yanapofanana. Ukiwa umechagua ubora wa juu wa kurekebisha, inajiruhusu mafungu 5. Piga hesabu: sekta moja mbovu inaweza kusomwa mara 82. Kwenye Linux, cdparanoia na programu zinazoitegemea, kama whipper, zina mbinu yao ya kulinganisha vipande vinavyopishana, lakini zikifika kwenye mkwaruzo mwenendo ni ule ule.

Sasa angalia jambo moja. Tuseme zimeharibika sekunde 3 za muziki, yaani sekta 225. Zote zisomwe mara 82: jumla sekta 18,450, ambazo hata kwa mwendo wa kawaida wa kusikiliza ni dakika 4 na sekunde 6. Dakika nne si usiku mzima. Kwa hiyo ukiona saa mbili zimepita kwenye mahali padogo, marudio peke yake hayaelezi. Kuna kitu kingine kinakula muda, na hicho ndicho cha kutafuta.

Kabla hujagusa mpangilio wowote

Tafuta CD moja safi, ya kiwandani, isiyo na alama, nakili wimbo mmoja kwa mipangilio ile ile, uangalie saa. Hiyo ndiyo shahidi wako. Ikienda vizuri, tatizo lako liko kwenye diski ile nyingine. Ikisuasua nayo, weka kitambaa cha kusafishia chini, unaogesha asiyeumwa.

Kila CD inakwenda polepole, hata mpya

Mshukiwa wa kwanza ni kache. Draivu nyingi huhifadhi zilichokisoma karibuni kwenye kumbukumbu yao ndogo. Ukiiomba sekta ile ile mara ya pili haihangaiki kurudi kwenye diski, inakupa nakala iliyo mfukoni. Kwa mtu anayetaka kulinganisha usomaji wa kwanza na wa pili huo ni ulaghai mtupu, kwa hiyo programu hulazimika kuimwaga kache kwa kusoma kitu kingine kabla ya kila marudio. Gharama yake ndiyo watu hawaioni. Kache ya megabaiti 2 inabeba sekta zipatazo 890, ambazo ni kama sekunde 12 za muziki. Kila marudio yanatanguliwa na sekunde 12 za muziki ambao huuhitaji. Draivu ikienda kasi mara 8 ya mwendo wa kusikiliza, hiyo ni sekunde moja na nusu. Marudio 80 ni dakika mbili, kwa kipande kimoja. Programu husoma sekta kwa vipande; tukikadiria sekta 25 kwa kipande, zile sekunde 3 zetu ni vipande tisa, dakika 18. Na draivu nyingi zikikutana na makosa hupunguza mwendo. Ikishuka hadi mara 2, dakika 18 zinakuwa 72. Umeona ilipopotelea ile saa?

Cha kufanya: iendeshee draivu jaribio la EAC la kutambua uwezo wa kusoma, kwa ile CD safi, badala ya kuweka alama kwa kubahatisha. Kuna waliotia alama kwamba draivu ina kache wakati haina, wakawa wanalipa kodi isiyodaiwa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: draivu ina kache, alama haipo. Hapo kila kitu kinakwenda kasi, ripoti inasema safi, na kumbe programu imelinganisha nakala na kivuli chake. Jaribio la C2 peke yake linataka CD yenye mikwaruzo kidogo, kwa sababu kwenye diski isiyo na kosa hakuna cha kuripoti.

Draivu yako ikiwa na C2 ya kuaminika, kuiwasha kunapunguza muda sana, maana sekta husomwa mara moja na kurudiwa zilizoripotiwa tu. Mimi siiwashi mpaka nimeona matokeo yake yakilingana na yale ya hali ya kawaida kwenye diski mbili tatu mbovu. Draivu inayosema "hakuna kosa" huku inakisia ni hatari kuliko isiyosema kitu.

Mshukiwa wa pili ni umeme. Draivu nyembamba za nje zinakula kupitia waya wa USB, na tundu la kawaida la USB 2.0 linaahidi miliampea 500. Mota ikianza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi. Dalili yake unaisikia kabla ya kuiona: diski inaanza kuzunguka, inafifia, inaanza tena, hata kwenye CD safi, na mara nyingine draivu inapotea kwenye orodha na kurudi. Yangu iliwahi kukaa kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB) moja na simu iliyokuwa inachajiwa. Nilibadilisha mipangilio wiki nzima. Dawa ilikuwa kuchomeka draivu moja kwa moja kwenye kompyuta.

Vumbi kwenye lenzi lipo pia, hasa kwa draivu iliyolala kabatini miaka. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, kile cha kusafishia kamera. Usipulize kwa mdomo, utaongeza mate.

Za mwanzo safi, za mwisho zinakwama

CD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Wimbo wa mwisho uko ukingoni, panaposhikwa na vidole, na panapoyumba zaidi diski ikiwa imepinda. Isitoshe, draivu iliyoandikwa 48x inaufikia mwendo huo ukingoni tu. Kwa hiyo shusha kasi wewe mwenyewe, mara 8 au hata mara 4, usisubiri draivu ishtuke. Hili linasaidia sana CD za kuchoma zilizobandikwa stika ya karatasi, kama zile za kwaya na za harusi zilizokuwa zikiuzwa miaka ya 2000. Stika isiyokaa katikati inatikisa diski nzima. Usijaribu kuibandua. Tabaka linaloakisi mwanga liko chini yake hapo hapo, litatoka nayo, na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Ikiwa inakwama kwenye sekunde ya mwisho kabisa ya wimbo wa mwisho, na ni hivyo kwa kila CD, diski haina kosa. Umewasha chaguo la kusoma kupita mwisho wa muziki, kwenye eneo la lead-out, na draivu yako haina uwezo huo. Lizime, ondoka.

Inakwama mahali pamoja kwenye diski moja

Hapa ndipo penye kazi, na macho yana faida kuliko programu.

Ishike CD kwenye taa. Mistari ya data imeachana kwa maikromita 1.6 tu, na mzunguko mmoja katikati ya diski ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukifuata hesabu hiyo, milimita moja kutoka ndani kwenda nje ni zaidi ya dakika mbili za muziki. Sekunde 3 ni mizunguko kama 14, na upana wake wote haufikii unene wa unywele. Maana yake kwa fundi ni hii: makosa yakiwa sekunde mbili tatu tu, natafuta mkwaruzo mwembamba unaofuata mzunguko, ambao pengine utauona kwa kuinamisha diski kwenye mwanga wa pembeni. Makosa yakitapakaa dakika nne tano, natafuta doa, au mkwaruzo unaokata kutoka katikati kuelekea nje.

Huu wa pili unaonekana wa kutisha lakini ndio wenye nafuu. Unagusa kila mzunguko kidogo tu, na data ya CD imetawanywa makusudi ili pengo la hadi milimita 2.4 hivi kwenye mstari lizibike kikamilifu. Unaofuata mzunguko unafukia data mfululizo, na ulinzi unaishiwa.

Halafu geuza diski. Watu huchunga upande unaong'aa na kulaza ule wenye maandishi juu ya meza. Kinyume chake ndicho sahihi. Upande wa chini una plastiki ya milimita 1.2 kabla ya kufika kwenye data, na mwali wa leza unapoingia kwenye plastiki hiyo una upana wa karibu milimita 0.8, ndiyo maana vumbi dogo haliuzuii. Upande wa maandishi una rangi na vanishi tu. Ukiona mwanga unapenya kama tundu la sindano, data ya hapo haipo tena. Zima marudio, kubali hasara ya hapo, okoa zilizobaki. Na ukiona diski ya zamani inageuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kama ilivyozipata nyingi zilizochapwa na kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, usiseme utainakili mwakani.

Kuosha: maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kidole laini, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba kisicho na vumbi. Futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Ukikwaruza kwa bahati mbaya, bora uwe umekwaruza kwa njia ile yenye nafuu. Petroli, thina na asetoni hapana, zinaila plastiki. Dawa ya meno nimeona ikisaidia mkwaruzo wa juujuu, na nimeona ikiharibu diski ya mtu. Naiacha iwe ya mwisho, kwa CD ambayo ungeitupa.

Kwenye CD ya Mama kulikuwa na tone la chai ya maziwa lililokaukia upande wa chini, kubwa kidogo kuliko kichwa cha pini. Milimita mbili, dakika nne na nusu za muziki: lilianza kwenye asilimia 61 ya wimbo wa saba likaingia hadi wa nane. Ukubwa huo uko mpakani mwa kinachozibika, ndiyo maana kila usomaji ulitoa jibu lake. Tone lilitoka kwa maji. Wimbo wa saba ukapita kwa dakika tatu. Wa nane ukakwama tena, sasa kwa sekunde mbili tu, na chini ya taa nikauona uzi wa mkwaruzo unaofuata duara.

Haikwami mahali pamoja. Kila ukirudia inahama

Diski siyo. Kosa la diski halitembei. Angalia umeme kama nilivyosema, angalia kama draivu imekaa juu ya kitu kinachotikisika, angalia joto baada ya kazi ya saa nyingi. Kwa walio pwani kuna jingine: CD iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ikiingizwa kwenye hewa ya Mombasa au Unguja huvuta ukungu, kama miwani. Iache robo saa nje ya boksi lake kabla ya kuiweka kwenye draivu. Vikishaondolewa vyote hivyo na makosa bado yanahama, leza imechoka.

Programu imeganda, hata kutoa diski haitaki

Programu inaomba, draivu ndiyo inayoamua. Nayo ina marudio yake ya ndani, inaweza kung'ang'ania sekta moja sekunde kadhaa kabla ya kujibu, na wakati huo haisikii amri nyingine. Bonyeza kusitisha, subiri dakika moja au mbili, usichomoe waya kwa hasira. Ikigoma kabisa zima umeme, kisha nyoosha kibanio cha karatasi ukisukume kwenye kitundu kidogo cha mbele. Kuna draivu zikishapunguza mwendo hazirudi tena mpaka utoe diski na kuiingiza upya. Wimbo unaofuata ukienda kama konokono bila taa nyekundu hata moja, jaribu hilo kwanza.

Anayetumia cdparanoia akague amri yake. Kama aliinakili mahali na ina -z bila namba, ameiambia isikubali kuruka na irudie milele, na itatii. Kawaida yake bila hiyo ni marudio 20. Unaweza kuweka namba yako. EAC nayo ina chaguo la kuacha wimbo ukizidi saa kadhaa. Liwashe kabla ya kwenda kulala.

Kuna pia CD chache, nyingi za Ulaya za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizowekewa kinga ya kunakili kama Cactus Data Shield, ambayo ilitia makosa kwa makusudi. Hizo huzioshi. Zinataka draivu nyingine, na usiruhusu programu iliyomo ndani yake ijiendeshe.

Njia fupi ambayo wengi wanairuka

Nakili kwanza kwa hali ya Burst, mara moja, bila kurudia, halafu linganisha na AccurateRip, hifadhidata inayoweka matokeo ya wanaonakili diski hizo hizo duniani. Nyimbo kumi zikilingana na za watu wengine, hazihitaji tena Secure. Zilizobaki mbili ndizo za kuhangaika nazo. Kosa likiwa dogo na diski ikiwa inajulikana, programu ya CUETools inaweza kulirekebisha kwa data ya ziada iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata yake, bila draivu kusoma tena hata sekta moja.

CD za kwaya ya mtaani au taarab ya harusini hazimo humo. Kwa hizo nakili mara mbili ulinganishe namba za CRC (namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka kwenye data ya wimbo), lakini kwa wimbo ulioleta shida usifanye zote mbili kwenye draivu moja. Draivu ikikisia leo na kesho inaweza kukisia vile vile, CRC zikalingana, ukawa na mashahidi wawili waliolala nyumba moja. Draivu za mezani, zile kubwa za zamani, mara nyingi husoma kilichoshinda nyembamba. Uliza mtaani, zinakusanya vumbi kwenye kompyuta zilizokufa.

Ndivyo nilivyomaliza ule wa nane. Jirani alikuwa na CPU isiyowaka, nikachomoa draivu yake, nikaiunganisha kwa adapta. Kasi mara 4, dakika tisa, taa nyekundu mbili, CRC moja. Nikaitoa diski, nikairudisha, CRC ile ile. Draivu yangu nyembamba ilikuwa imetoa tatu tofauti, kwa hiyo haikufaa kuwa shahidi wa pili. Ripoti nikaiweka kwenye folda moja na nyimbo, ikieleza ni draivu gani na wimbo upi.

Mama aliusikiliza akiwa amenyanyua kidole, akingoja pale palipokuwa pakiruka. Hapakuruka. Akashusha kidole, akaenda chumbani, akarudi na boksi lenye nyingine tisa.